India 36 pale Adelaide: kabla ya kuwatukana wapigaji, tuangalie mpira ulidunda wapi

MwishoWaReli (Kigoma), 19 Desemba 2020, saa 6:10 mchana

Wakuu, heshima kwenu.

Najua watu wa kriketi huku kwetu tunahesabika kwa vidole, wachache Ujiji, wachache Mwanga, na wenzetu wa Tabora wanaojifanya wamezaliwa na gongo (ubao wa kupigia mpira) mkononi. Leo hakuna wa kumcheka mwenzake. India wamelala mbele ya Australia pale Adelaide.

Kwa waliochelewa kuamka (siku ilianza saa 1 asubuhi ya huku): kila timu inapiga zamu mbili; zamu ya kwanza India mikimbio (ndiyo pointi zenyewe) 244, Australia 191. India wakaingia zamu ya pili wakiwa mbele kwa 53, jana jioni wakaishia 9 kwa wiketi 1 (mikimbio 9, mpigaji mmoja katolewa). Leo kutoka 15 kwa 1 wakawa 15 kwa 5. Someni tena: wiketi nne, ubao haujasogea hata mkimbio mmoja. Kisha 19 kwa 6, 26 kwa 7, 26 kwa 8, 31 kwa 9. Mwisho 36, Shami akatoka ameumia mkono baada ya kugongwa na mpira wa Cummins, zamu ikafungwa. Ova 21 (ova moja ni mipira 6) na mipira 2.

Warushaji wa Australia: Hazlewood ova 5, tatu hazikutoa kitu, mikimbio 8, wiketi 5. Cummins wiketi 4 kwa mikimbio 21. Starc hakupata hata moja, na ndiye mwenye kasi kuliko wote. Wa India aliyepiga nyingi ni Agarwal, 9. Australia wakadaiwa 90, wakafika 93 kwa 2.

Ni idadi ndogo kuliko zote India waliyowahi kupata kwenye Test (mechi ndefu ya siku tano). Iliyokuwa chini kabisa ilikuwa 42, Lord's 1974. Nashusha uzi, karibuni kwa hoja. Matusi pelekeni kule kwenye jukwaa la Simba na Yanga.

---

Mgebuka (Kigoma)

36 ni saizi ya kiatu mkuu, siyo matokeo ya timu ya taifa.

---

NyukiMdogo (Tabora)

Nimekaa palee. Ila tuseme ukweli, mpira wa pinki na taa za usiku ni bahati nasibu. Mpira ule una rangi nzito ya juu, unang'aa muda mrefu, na jua likizama unapinda kama mkia wa mbwa. India wamecheza usiku wa ugenini mara ngapi? Hata mngepeleka malaika wangetoka.

---

MwishoWaReli

NyukiMdogo, hoja nzuri, imeangukia mahali pabaya. Wiketi nane za leo zote zimeanguka mchana, jua linawaka Adelaide. Huku kwetu saa 3 haijagonga wao wameshamaliza. Usiku waliocheza ni wa jana, na jana walipoteza mmoja tu.

---

MzeeWaCheyo (Tabora)

Vijana hamjambo. Hili la mpira kupinda linanichosha, kila timu ikianguka watu wanasema "ulipinda sana". Leo haukupinda sana, na hapo ndipo balaa lilipotokea. Chukueni kalamu.

Gongo kwa kanuni halizidi upana wa sentimita 10.8, nusu yake ni 5.4. Mpira una kipenyo cha kama sentimita 7.2, nusu yake 3.6. Ukijumlisha hizo nusu unapata 9. Maana yake, kitovu cha mpira kikiwa zaidi ya sentimita 9 kutoka katikati ya gongo, mpira unapita salama. Kikiwa chini ya 5 hivi, unakutana na uso wa gongo. Kati ya 5 na 9 ndiko kwenye ukingo, na nyuma ya ukingo amesimama kipa: akiudaka, mpigaji katoka.

Sasa mpira udunde mita 5 mbele ya gongo. Ukichepuka nusu digrii, unahama sentimita 4 na kitu: umepigwa vizuri. Ukichepuka digrii 2, unahama zaidi ya sentimita 17: mpigaji anaaibika, uwanja unaguna, hakuna kilichotokea. Ukichepuka digrii moja tu, unahama karibu 8.7. Umechuna ukingo.

Hazlewood na Cummins leo walikuwa wanaishi kwenye digrii moja. Kipa wao Paine kadaka watano: Pujara, Agarwal, Rahane, Vihari, Ashwin. Siku nyingine mipira ileile inapita nje ya gongo mara sita kabla haijagusa mara moja. Leo iligusa karibu kila ilipokaribia. Starc anapindisha zaidi na ana kasi zaidi, katoka mikono mitupu. Hesabu ndiyo hiyo.

---

Mgebuka

Shikamoo mzee. Lakini kama ni bahati, mbona Australia wamepiga 93 kwenye pichi hiyohiyo na wamepoteza wawili?

---

MzeeWaCheyo

Marahaba. Sikusema ni bahati tupu. Nimesema bahati ilikaa juu ya kazi. Mrushaji anayeleta mpira ukadunda mita 6 hadi 7 kutoka kwenye vijiti (vile vitatu anavyovilinda mpigaji), juu kidogo ya kijiti cha nje, anamnyima mpigaji uamuzi: unadunda karibu naye mno kurudi nyuma, mbali naye mno kuufuata mbele. Na kwa kasi ya kilomita 135, kutoka mkononi hadi kwenye gongo ni kama nusu sekunde, baada ya kudunda inabaki chini ya robo. Huwezi kuona mshono wa mpira umegeukia wapi kisha ukabadili mkono. Unacheza ulichokwisha kukiamua.

Australia walikuwa wanadaiwa 90. Anayedaiwa 90 anaruhusiwa kucheza kwa raha.

---

BintiUjiji (Kigoma)

Naongezea kwa mzee. Tusiwaweke wote kwenye kapu moja. Prithvi Shaw, mpigaji wa India, ni kesi yake peke yake. Zamu zote mbili kavunjiwa vijiti, na zote mbili mpira umepita katikati ya gongo na pedi. Huo siyo ukingo, huo ni mlango ulioachwa wazi. Gongo lake linashuka likitokea upande wa slipu (wadakaji wa pembeni ya kipa), mguu wa mbele unabaki nyuma, pengo linakuwa kubwa la kupitisha mpira. Hilo linarekebishwa kwa mazoezi ya mwezi, halirekebishwi kati ya Test mbili. Test ijayo, Melbourne, atolewe, aingie Gill.

Kohli naye siyo kama Pujara. Pujara alipata mpira ambao ungemtoa yeyote. Kohli alitanua mikono kuufuata mpira ulio mbali na mwili, Green wa Australia akaudaka pale gali (pembeni zaidi ya slipu) kwa kuhangaika nao kwanza. Kosa la kuchagua. Mpira ule ulikuwa wa kuachwa.

---

Mgebuka

Dada umemgusa Kohli, jiandae kwa mawe. Ila mimi nasema kosa lilianza jana jioni. Kwa nini Bumrah, ambaye ni mrushaji, apelekwe kupiga jioni kama mlinzi wa usiku? Asubuhi katolewa mapema, Pujara kaingia mpira una ova chache tu, bado mgumu, mshono bado umesimama. Bumrah hakumkinga mtu yeyote, alimchelewesha tu Pujara kwa usiku mmoja.

---

MzeeWaCheyo

Hapo nakubali nusu. Mlinzi wa usiku ana faida moja: asitolewe mwenye jina kwenye dakika 10 za mwisho za giza. Hilo Bumrah alilifanya. Asubuhi kazi yake imekwisha, kila kinachobaki ni ziada. Ila mtu asiyejua kuacha mpira hana ziada.

Na msisahau 53 ingeweza kuwa nyingi zaidi. Zamu ya kwanza India walikuwa 188 kwa 3 Kohli anatamba na 74, mwenzake Rahane akamwita wakimbie, kisha akamrudisha, Kohli akatolewa akiwa bado mbioni. Kutoka hapo wakaisha 244, wanne wa mwisho kwa mikimbio 11. Kisha wakaangusha mipira ya kudaka: Labuschagne wa Australia kaponyoka, Paine kaponyoka na akamaliza na 73 bila kutolewa. Kipigo cha leo kilianza kupandwa Alhamisi.

---

Mgeni_Nguruka

Samahani wakuu, mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Mnasema kipigo kizito lakini nimeona "wameshinda kwa wiketi 8". 8 ni nyingi au chache? Na mbona mara nyingine wanasema "kwa mikimbio 200"?

---

BintiUjiji

Karibu. Anayepiga mwisho akifikisha deni, ushindi unahesabiwa kwa wiketi alizobakiza. Anazo 10, kapoteza 2, kabakiza 8. Asipofikisha deni akaisha, mwenzake anashinda kwa mikimbio iliyopungua. Kwa hiyo "wiketi 8" haikuambii deni lilikuwa 90 au 400. Ukitaka kupima uzito wa mechi hii usiangalie 8, angalia 36 na siku: Test ni ya siku tano, hii imekwisha siku ya tatu.

---

NyukiMdogo

Nimekubali la taa, nimefuta. Lakini naomba nikumbushe, sisi wa Afrika Mashariki tusicheke sana. Juni 1975, Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza, timu ya "East Africa" yenye wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Mechi tatu, vipigo vitatu. New Zealand 309 kwa 5, Glenn Turner peke yake 171 bila kutolewa. Sisi 128 kwa 8. India tukawapigia 120, wakazilipa bila kupoteza wiketi. England 290 kwa 5. Sisi 94, John Snow kachukua 4 kwa mikimbio 11.

---

MzeeWaCheyo

Na hivyo ni vipigo vya aina tofauti, NyukiMdogo, usivichanganye. Siku ile na New Zealand tulicheza ova zote 60. Hawakutumaliza. Mipira 360, mikimbio 128. Ugonjwa ulikuwa kushindwa kufunga, siyo kutolewa. Wapigaji walijua kuzuia, hawakujua kuusukuma mpira pembeni ukapata mmoja, ukabadilisha upande, mrushaji akapoteza mstari. India wa leo ni kinyume: wanaojua kufunga wamekosa kuzuia kwa dakika 70. Ukimpa kocha magonjwa haya mawili, dawa hazifanani hata kidogo.

---

Mgeni_Nguruka

Nimeanza kuelewa, na nimeanza kupenda. Huu "kuacha mpira" unafundishwaje? Kuna vijana hapa wanacheza kwa mpira wa tenisi na ubao uliochongwa.

---

FundiMkeka (Tabora)

Swali la maana kuliko yote humu. Naandika kirefu, msiojali ruka.

Uwanja. Huna haja ya mita 20.12 zote. Mpira wa kilomita 135 kutoka umbali kamili unafika kwa kama nusu sekunde. Kijana anayerusha kilomita 80 kwa saa kutoka mita 11 anakupa nusu sekunde ileile. Kwa hiyo ukanda wa mita 13 kwa 2 unatosha. Tabora tuna baraka ya vichuguu: udongo wake unashikana ukilowa na ukikauka unakuwa mgumu kama tofali. Upondeponde, uchekeche kwa wavu wa mchanga, utandaze unene wa sentimita 5 juu ya moramu iliyosawazishwa. Mwagilia jioni, acha ulale. Asubuhi ukibonyeza kwa kidole gumba na kisinate, unaburuza pipa la lita 200 lililojaa maji, kwenda na kurudi mara 30 hivi. Kosa la wengi ni kuburuza udongo ukiwa bado mbichi: unaganda kwenye pipa, unabanduka vipande, na pichi inakuwa na mashimo yasiyozibika. Msimu huu wa mvua turubai ni lazima, na lizidi ukanda kwa nusu mita kila upande, la sivyo maji yanaingia kwa chini.

Mkeka. Ukiwa na mkeka wa kumbi za nazi, utandike juu. Vigingi vya nondo ya milimita 8, urefu sentimita 20, vimekunjwa kichwa, kila baada ya mita moja pande zote, na vichwa vipigiliwe hadi vizame. Mkeka ukilegea unatengeneza mawimbi, mpira unaruka ovyo, kijana anajifunza kuogopa.

Mpira. Huu wa tenisi mtupu hauchepuki. Funga nusu moja kwa tepu ya fundi umeme, bila mikunjo, nusu nyingine uiache na manyoya yake. Hapo utapinda hewani. Upande gani? Rusha mara tatu utauona, kisha geuza mkono na utaenda kinyume. Kupata mshono, kunja tepu iwe kamba nyembamba, zungusha katikati mara mbili, halafu ifunikwe na tabaka moja. Sasa ukidunda kwenye mshono unachepuka kidogo, ile digrii moja ya mzee.

Mstari. Vijiti vitatu vina upana wa sentimita 22.9. Chomeka cha nne nje ya kijiti cha nje, uache kama sentimita 10. Chora kwa chokaa mstari wa mita 5 na mwingine wa mita 7 kutoka kwenye vijiti. Mrushaji kazi yake ni kuangusha mpira kati ya mistari hiyo, juu ya kijiti cha nne au nje yake. Kila mipira 30, kumi iwe ndani ili mpigaji asiache kwa mazoea.

Hesabu. Kuacha kwa usahihi, pointi 1. Kucheza mpira wa ndani kwa uso wa gongo, pointi 1. Kugusa mpira wa nje ya kijiti cha nne, toa 3. Kuacha ukavunjiwa vijiti, toa 5. Mwanzoni watapata hasi. Msiwacheke.

---

BintiUjiji

Safi sana fundi. Mambo mawili ya kukosoa.

La kwanza, kuacha mpira siyo kuinua gongo tu. Kichwa kikibaki upande wa ndani, mpigaji anadhani mpira uko mbali kumbe uko juu ya kijiti. Mwekee alama: jicho la kulia la mpigaji wa kulia likiwa juu ya kijiti cha nje, basi kila mpira ulio nje ya jicho hilo ni wa kuachwa. Vijana wengi wanasimama kati ya kijiti cha kati na cha ndani, halafu wanashangaa.

La pili, wakilazimika kuucheza, mkono wa chini ushike gongo kwa gumba na vidole viwili tu. Mkono ukiwa laini, ukingo unafia chini kabla ya slipu. Mkono ukiwa umekaza kama umeshika jembe, mpira unaruka kifuani kwa kipa. Rahane na Vihari leo wametoka kwa mikono migumu, hata kama mipira ilikuwa mizuri.

Na kwa Kigoma kwenye zege: mpira wa tenisi uliolowa unateleza na kuja haraka kuliko mkavu. Unatosha kwa kasi, ila haufundishi kuchepuka, na ukisha kunywa maji tepu haishiki. Chagueni moja.

---

Mgebuka

Na helmeti jamani. Mpira halisi una uzito wa gramu 156 hadi 163. Mmemwona Shami.

---

FundiMkeka

Mpira halisi bila helmeti, bila pedi, bila glavu: marufuku. Hapo hakuna mjadala.

---

NyukiMdogo, 29 Desemba 2020

Wakuu, mko hai? Melbourne India wameshinda kwa wiketi 8. Kohli kaenda nyumbani kumpokea mtoto, Rahane nahodha kapiga 112. Shaw nje, Gill ndani, Pant badala ya Saha, Jadeja kaingia, Siraj kachukua nafasi ya Shami. Australia 195 na 200. BintiUjiji alitabiri la Gill, nasimama kumpigia makofi.

---

MzeeWaCheyo

Siyo uchawi. Waliingiza mrushaji mmoja zaidi, ingawa walikuwa wamepoteza mpigaji bora. Timu nyingi zikitolewa kwa 36 zinaongeza mpigaji kwa woga. Wao walijua 244 na kumtoa Australia kwa 191 ni kazi nzuri, wakasahihisha saa moja tu iliyoharibika.

---

MwishoWaReli, 19 Januari 2021

Naufufua uzi wangu mwenyewe. Brisbane, deni 328, India 329 kwa 7. Gill 91, Pant 89 bila kutolewa. Australia hawakuwa wamefungwa pale Gabba (uwanja wa Brisbane) tangu 1988. Mfululizo wa Test India wamechukua 2 kwa 1. Mwezi mmoja kamili tangu ile 36.

---

Mgebuka

Pant mwendawazimu. Mkuu, ni saizi ya kiatu gani hii sasa?

---

BintiUjiji

Kila mtu ataongea Pant. Mimi naangalia Pujara: 56 kwa mipira 211. Yule wa sifuri ya Adelaide. Kapigwa mbavuni, mkononi, kwenye helmeti, na Hazlewood na Cummins walewale, na hakuufuata mpira wa nje. Sydney kabla yake Vihari na Ashwin walikaa hadi jioni kuokoa sare.

---

Mgeni_Nguruka

Vijana wangu leo mmoja kafikisha pointi 11 kwa mipira 30, wengine bado hasi. Fundi, tepu inabanduka baada ya kama ova nne. Nakosea wapi?

---

FundiMkeka

Vumbi. Futa mpira kwa kitambaa kikavu kabla ya kufunga, vuta tepu kidogo unapoizungusha lakini usiinyooshe sana maana itajikunja kurudi, na malizia mwisho wake upande wa mshono, siyo katikati ya nusu. Badilisha kila ova 6 hata kama bado imeshika, ikichakaa mpira unaacha kupinda na kijana atadhani amekuwa hodari.